Ada ya taka na ghuba lisilozolewa: uchambuzi wa lalamiko la wakazi wa mtaa mmoja wa Kanda ya Kati

Lalamiko linalochambuliwa hapa lilihusu ada ya taka. Wakazi wa mtaa mmoja ulio pembezoni mwa mji, katika Kanda ya Kati ya Tanzania, walidai kwamba halmashauri iliwapandishia ada bila kufuata sheria, kwamba mkandarasi aliyepewa kazi ya kuzoa taka hazizoi, na kwamba wenzao waliogoma kulipa walifikishwa Mahakama ya Mwanzo. Walipeleka madai hayo Dodoma, kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mtaa huo, halmashauri yake, watu wake na mwenendo wa shauri lao nimeviunda kwa ajili ya uchambuzi huu, ili pasiwepo mtu wala ofisi halisi inayohukumiwa; sheria na mipaka ya mamlaka ninayoitaja ni halisi, na ndiyo ambayo mwananchi atakutana nayo akiamua kufuata njia hiyohiyo.

Tume hiyo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwa na chombo cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watawala, pale Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1966, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Chifu Erasto Mang'enya. Makamishna wa wakati ule walizunguka mikoani na kuwasikiliza watu kwa mdomo, kisha taarifa zao zikapelekwa kwa Rais, ambaye ndiye aliyeamua la kufanya. Tume ya sasa ilichukua nafasi hiyo baada ya kuwekwa ndani ya Katiba kwa marekebisho ya mwaka 2000, katika Ibara ya 129 na zinazofuata, na ikapewa sheria yake, Sheria Na. 7 ya mwaka 2001. Mabadiliko yanayowagusa zaidi wakazi wa kisa hiki ni kwamba mapendekezo ya Tume huelekezwa kwa mamlaka inayolalamikiwa yenyewe, na kwamba Tume inaweza kuyafuatilia hadi mahakamani. Kulalamika ni bure, na mtu anaweza kulalamika mwenyewe au kupitia mwingine anayemwakilisha, au kundi la watu likalalamika kwa pamoja.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Mji huo, kama ilivyo sehemu kubwa ya kanda hii, una msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mtaa umepakana na korongo ambalo kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Ghuba la taka, yaani mahali pa kukusanyia taka zikisubiri lori, lilijengwa kando ya korongo hilo kwa sababu ndipo palipokuwa na eneo la wazi lisilo na mwenyewe. Wakati wa kiangazi taka zisipozolewa hulundikana, vijana huzichoma moto, na ugomvi huwa ni wa moshi. Mvua zikianza, lundo hilohilo huteremka na maji hadi kwenye kalavati la barabara ya chini, likaziba, na maji yakarudi uani kwa watu. Nyumba kadhaa ziliingiliwa na maji ya namna hiyo mwezi Januari.

Kufikia wakati huo manung'uniko ya ada yalikuwa na umri wa miezi sita. Sheria ndogo ya halmashauri ilitaja shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwezi, na shilingi 5,000 kwa mama lishe na wenye vibanda vya biashara. Mwanzoni mwa mwaka wa fedha, mwezi Julai, mtendaji wa mtaa alibandika kwenye mbao za matangazo barua yenye sahihi ya mkurugenzi ikisema kwamba ada mpya ni shilingi 2,000 kwa kaya na 10,000 kwa biashara. Watu walilipa huku wakinung'unika. Maji ya Januari yalipoingia ndani, mkutano wa mtaa uliitishwa kwa hasira na ukaazimia kwamba hakuna atakayelipa hata senti mpaka ghuba lizolewe. Mwezi Machi wakazi watatu walifunguliwa mashtaka ya kukiuka sheria ndogo. Wawili walikiri kosa, wakalipa faini siku hiyohiyo. Wa tatu alikana, na shauri lake likaendelea.

Barua ya kwanza ya wakazi iliandikwa mwezi Aprili na mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye mwandiko mzuri na kumbukumbu kali, ambaye aliisafirisha mwenyewe kwa basi akiwa ameongozana na mama lishe mmoja wa mtaani hapo. Ilikuwa na kurasa nne na mambo sita: ada, mkandarasi, kalavati lililoziba, maji ya bomba yanayotoka usiku tena kwa mgawo, michango ya ujenzi wa ofisi ya mtaa ambayo haikusomewa mapato na matumizi, na wenzao watatu waliopelekwa mahakamani. Iliishia kwa kuiomba Tume "iingilie kati kwa ujumla wake." Nakala zilipelekwa kwa Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa, mbunge na vyombo vya habari.

Afisa uchunguzi aliyewapokea alimwamkia mzee, akaisoma barua yote mbele yao, kisha akauliza: "Mzee wangu, hapa kuna mambo sita. Mngependa tushughulikie lipi kwanza?" Mzee akajibu, "Mwanangu, yote yanatuumiza." Mama lishe ndiye aliyesema kwamba la ada ndilo lenye karatasi.

Kauli ile ya mama lishe ndiyo iliyoliokoa lalamiko. Barua kama ile ya mzee huandikwa kwa imani kwamba wingi wa madai huongeza uzito, kumbe kwa chombo cha uchunguzi matokeo yake ni kinyume. Kila dai lina mhusika wake, na kila mhusika lazima aandikiwe na apewe nafasi ya kujibu. Lalamiko lenye wahusika watano husubiri jibu la yule anayechelewa kuliko wote. Kalavati lilikuwa kwenye barabara iliyo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ambao tangu mwaka 2017 ndio wenye dhamana ya barabara za wilaya. Halmashauri ingejibu kwa sentensi moja kwamba barabara si yake, na ingekuwa sahihi. Mgawo wa maji ni wa mamlaka ya maji, inayodhibitiwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na huko liko baraza la kuwasemea watumiaji wa huduma. Michango ya ofisi ilipaswa kuulizwa kwanza kwenye mkutano mkuu wa mtaa, na kama kuna dalili ya wizi, ipelekwe TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Ni kweli kwamba taasisi hizo ni za umma, na Tume isingezuiwa na sheria kuzichunguza. Lakini kuwa na mamlaka juu ya jambo hakuna maana kwamba ni busara kulianza leo, katika jalada lilelile.

Afisa hakuikataa barua. Alilifungulia jalada suala la ada na la uzoaji kwa pamoja, kwa kuwa mhusika ni mmoja na fedha ni ileile, akawaelekeza wakazi kwa barua fupi mahali pa kupeleka mambo mengine. Aliuliza pia kama wamewahi kulalamika kwa halmashauri yenyewe, kwa maana haifai mtu kuvuka ngazi ambayo bado haijapewa nafasi ya kurekebisha kosa lake. Hapo mzee alikuwa imara: alikuwa na nakala za barua mbili zilizopokelewa kwa muhuri katika dawati la malalamiko la halmashauri, moja ya Septemba na nyingine ya Februari, zote bila majibu. Wengi hushindwa hapo. Humlalamikia mtendaji kwa mdomo, humpigia diwani simu, humweleza afisa afya wa kata anapopita, na mwaka ukiisha hawana hata karatasi moja yenye muhuri.

Kuhusu wale watatu, jibu lilikuwa chungu. Kifungu cha 16 cha sheria ya Tume kinaizuia kuchunguza jambo ambalo liko mbele ya mahakama au chombo kingine cha kimahakama. Shauri la yule aliyekana kosa lilikuwa linaendelea, hivyo Tume isingeweza kuligusa. Mashauri ya wawili waliokiri yalikuwa yamekwisha, lakini Tume si mahakama ya rufaa, haina uwezo wa kufuta hukumu ya hakimu. Mzee alihoji, kwa haki kabisa, inawezekanaje Tume ichunguze uhalali wa ada bila kugusa kesi za watu walioshtakiwa kwa kutolipa ada hiyohiyo. Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana, na nitalirudia mwishoni. Kwa wakati ule afisa aliutenganisha mwenendo wa halmashauri na mashauri ya watu. Kupandisha ada, kuikusanya na kusimamia mkataba wa mkandarasi ni vitendo vya utawala vilivyogusa mtaa mzima, na vingeweza kuchunguzwa hata kama pasingekuwa na mtu aliyeshtakiwa.

Tume iliiandikia halmashauri ikitaka maelezo na nyaraka. Inao uwezo kisheria wa kumwita mtu mbele yake na kudai vielelezo, lakini kwa kawaida huanza kwa barua, na barua ya kwanza katika kisa hiki ilikuwa na maswali manne tu. Ni Tangazo la Serikali namba ngapi lililohalalisha ada ya shilingi 2,000? Mkataba wa mkandarasi unamtaka azoe taka za mtaa huo mara ngapi kwa wiki? Ni nani anayethibitisha kwamba amezoa kabla hajalipwa? Barua za wakazi za Septemba na Februari zilijibiwa lini?

Maswali hayo yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kwangu mimi ndiyo kiini cha kisa chote. Barua ya wakazi ilisema halmashauri inawanyonya. Mwanasheria wa halmashauri angeweza kulijibu dai hilo kwa kurasa mbili za maelezo mazuri kuhusu gharama za mafuta ya lori na umuhimu wa usafi wa mji, na asingekuwa amesema uongo wowote. Lakini swali la namba ya Tangazo la Serikali halijibiki kwa maelezo. Sheria ndogo ya halmashauri hupitishwa na Baraza la Madiwani, huthibitishwa na Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Namba ya tangazo ama ipo, ama haipo. Nguvu ya chombo kisichotoa amri ni kuuliza maswali ambayo anayeulizwa hawezi kuyajibu bila kufungua kabati lake la majalada.

Jibu lilichelewa, likakumbushwa, likaja mwezi Julai. Halmashauri ilieleza kwamba Baraza la Madiwani liliridhia mapendekezo ya ada mpya katika kikao chake cha mwezi Mei mwaka uliotangulia, kwamba rasimu ya sheria ndogo ilikuwa imewasilishwa kwa ajili ya kuthibitishwa, na kwamba ada ilianza kutozwa "wakati taratibu zikikamilishwa" kwa kuwa bajeti ya usafi ilikuwa tayari imepangwa kwa kutegemea mapato hayo. Muhtasari wa kikao uliambatanishwa. Sioni sababu ya kuamini kwamba mtu yeyote alikusudia kuwaibia wakazi. Ninachokiona ni jambo la kawaida zaidi: bajeti huanza Julai mosi, idhini haifuati kalenda ya bajeti, na mkurugenzi anayeona pengo la mapato huamua kwamba kura ya madiwani inatosha. Lakini haitoshi, maana ngazi ya Waziri na ya Gazeti la Serikali iliwekwa ili mwananchi asitozwe kwa uamuzi ambao hakuna mtu wa nje aliyeupima, na nia njema ya mkurugenzi haiwezi kuchukua nafasi ya ngazi hiyo.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote haukutoka kwenye jalada la halmashauri, ulitoka kwenye kopo la maziwa ya unga la mama lishe. Alikuwa na mazoea ya kutunza kila stakabadhi, kwa sababu wakati fulani mgambo walimdai ada ambayo alikwisha kuilipa. Wachunguzi walipofika mtaani mwezi Agosti, alizimwaga stakabadhi zote kwenye jamvi na kuzipanga kwa miezi. Hadi Juni kila mwezi ulikuwa na karatasi moja, ile nyembamba inayotoka kwenye mashine ya kukusanyia mapato, yenye namba ya malipo na kiasi cha shilingi 5,000. Kuanzia Julai kila mwezi ulikuwa na karatasi mbili: ileile ya mashine, bado ikisema shilingi 5,000, na nyingine iliyochanwa kwenye kitabu cha stakabadhi cha kununua dukani, yenye muhuri wa mkandarasi na shilingi 5,000 zilizoandikwa kwa kalamu. Mkusanyaji alimweleza kwamba mashine "haijabadilishwa." Ilikuwa hivyo kweli. Mashine ilitoza kiwango kilichoingizwa kwenye mfumo kutokana na sheria ndogo iliyokuwapo. Ada mpya haikuwamo, ndiyo maana nusu yake ililazimika kupita kwenye kitabu. Kwa maneno mengine, mfumo wa halmashauri yenyewe uligoma kuitambua ada ambayo halmashauri iliitangaza.

Stakabadhi hizo ziliibua pia jambo ambalo halikuwa kwenye lalamiko. Fedha ya mashine huingia kwenye akaunti ya halmashauri. Fedha ya kitabu ilikuwa imekwenda wapi? Mkandarasi alidai kwamba aliruhusiwa kuichukua kama nyongeza ya malipo yake, halmashauri ikasema kwamba haikuwahi kumruhusu. Tume haikujaribu kulimaliza suala hilo. Ililieleza kwenye taarifa yake na kupendekeza lichunguzwe na TAKUKURU, na nadhani ilifanya vyema, kwa maana uchunguzi wa utawala ukigeuka kuwa wa jinai huchukua muda mrefu na huwaacha wakazi wakisubiri fedha zao.

Kuhusu uzoaji wenyewe, kazi ilikuwa rahisi. Mkataba ulitaka lori lifike mara mbili kwa wiki. Dampo la halmashauri lilikuwa na daftari la kuingizia malori, lenye tarehe, namba ya gari na jina la mtaa taka zilikotoka, na daftari hilo lilionyesha wiki nyingi ambazo mtaa huo haukutajwa kabisa. Hati za kuthibitisha kazi, ambazo afisa mazingira alizisaini kila mwezi ili mkandarasi alipwe, zilionyesha kwamba kazi ilifanyika kikamilifu. Afisa alipohojiwa alisema kwamba husaini kwa kuletewa fomu mezani, kwa kuwa idara haina pikipiki. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, dhamana ya taka ngumu ni ya serikali za mitaa, na kumkabidhi mkandarasi kazi hakuiondoi dhamana hiyo. Lakini kumsimamia mkandarasi kunahitaji mtu wa kwenda kuangalia, na mtu huyo anahitaji usafiri. Hata hivyo daftari la dampo halikuhitaji pikipiki. Lilikuwa ndani ya eneo la halmashauri yenyewe, na kulinganisha daftari na fomu kungemchukua afisa dakika chache kila mwezi.

Kabla ya kuandika taarifa, Tume ilizikutanisha pande mbili. Sheria inairuhusu kusuluhisha, na mara nyingi shauri la huduma humalizika hapo. Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kata, mkurugenzi akiwakilishwa na mkuu wa idara. Halmashauri ilikubali kuhamisha ghuba kabla ya mvua na kusimamisha mara moja matumizi ya kitabu cha stakabadhi. Iligoma kurejesha fedha, kwa hoja kwamba fedha zilikwisha kutumika kwa usafi. Wakazi nao walitakiwa kueleza kwa nini waliacha kulipa hata ile shilingi 1,000 ya halali, na hawakuwa na jibu zuri. Diwani alijaribu kuwatetea kwa kusema kwamba huduma haikutolewa. Hoja hiyo ina mvuto kwenye mkutano wa hadhara, lakini sheria ndogo haikuifanya ada itegemee lori kufika, na azimio la mkutano wa mtaa haliwezi kusimamisha sheria ndogo, sawa na barua ya mkurugenzi isivyoweza kuibadilisha. Laiti wangeendelea kulipa kiwango cha zamani kwa mashine na kuikataa karatasi ya kitabu peke yake, wangekuwa na lalamiko lisilo na doa, na huenda hakuna ambaye angefika mbele ya hakimu.

Taarifa ilitolewa mwezi Desemba. Ilisema kwamba kiwango kilichozidi kile cha sheria ndogo kilitozwa kinyume cha sheria. Kwamba halmashauri ilishindwa kusimamia mkataba. Na kwamba kutokujibu barua za wananchi kwa miezi kadhaa ni kasoro ya utawala inayojitegemea, hata kama malalamiko yangekuwa hayana msingi. Ilipendekeza kila mlipaji aliyezidishiwa ahesabiwe ziada hiyo kama malipo ya miezi inayofuata. Pendekezo hili la kufidiana kwa hesabu halikuwafurahisha wakazi waliotaka fedha mkononi, lakini lilikuwa la busara: kurejesha fedha taslimu kungehitaji fungu jipya la bajeti, wakati kufidia kunahitaji orodha ya walipaji tu, ambayo kwa nusu ya kwanza ya ada ilikuwa tayari ndani ya mashine. Ugumu ulibaki kwa wale waliotupa stakabadhi za kitabu. Tume ilipendekeza wakubaliwe iwapo mashine inaonyesha kwamba walilipa mwezi huo, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kulipa karatasi moja akaiacha nyingine.

Neno "pendekezo" ndilo huwavunja moyo walalamikaji. Chini ya kifungu cha 28, mamlaka iliyopewa mapendekezo inatakiwa kutoa taarifa ya hatua ilizochukua ndani ya muda uliopangwa na Tume, usiozidi miezi mitatu, na isipofanya hivyo Tume inaweza kwenda mahakamani au kupendekeza mtu mwingine afungue shauri. Kwamba hili si la karatasini tu kulionekana katika kisa halisi cha Nyamuma, wilayani Serengeti. Wakazi waliohamishwa kwa nguvu mwaka 2001 walilalamika kwa Tume kupitia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tume ilitoa mapendekezo ya fidia mwaka 2004. Serikali ikakataa kuyatekeleza. Na mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba utekelezaji wa mapendekezo hayo unaweza kudaiwa Mahakama Kuu. Halmashauri inayolipuuza pendekezo, basi, inajiweka mahali pa kuburutwa mahakamani ikiwa na taarifa ya uchunguzi iliyokwisha kuandikwa dhidi yake. Lakini Nyamuma inaonyesha pia bei ya njia hiyo, ambayo ni miaka. Kwa ada ya taka ya shilingi 1,000 kwa mwezi, thamani ya pendekezo iko kwenye ile miezi mitatu ya kujibu kwa maandishi kuliko kwenye tishio la mahakama.

Iko njia moja ambayo wakazi wangeweza kuitumia mapema zaidi na hawakuitumia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mzee angeweza kuomba nakala ya sheria ndogo na masharti ya mkataba mwezi ule wa Septemba badala ya kuandika kwamba wananchi wamechoka. Angepata jibu, au angepata uthibitisho wa kunyimwa jibu, na vyote viwili vingelifupisha jalada la Tume kwa miezi.

Turudi kwa wale wawili waliokiri kosa mwezi Machi na kulipa faini. Kwa mtu aliyekiri mwenyewe, rufaa ni mlango mwembamba, na muda wa siku 30 wa kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ulikuwa umepita zamani. Lakini Mahakama ya Wilaya ina uwezo wa kuliita jalada la Mahakama ya Mwanzo na kulifanyia mapitio, uwezo ambao ukomo wake ni miezi 12 tangu shauri lilipomalizika. Taarifa ya Tume ilipotoka Desemba, miezi tisa ilikuwa imekwisha kutumika. Kama wangengoja halmashauri imalize miezi yake mitatu ya kujibu, wangefika Machi na mlango umefungwa. Mzee aliligundua hilo kwa kusoma tarehe, akawaandikia wenzake barua ya kuomba mapitio mwezi Januari, wakiambatanisha taarifa ya Tume na nakala ya sheria ndogo yenye ada ya shilingi 1,000. Hoja yao ni kwamba hati ya mashtaka ilitaja deni la shilingi 2,000 kwa mwezi, deni ambalo halikuwapo kisheria. Upande wa mashtaka utajibu kwamba hawakulipa hata shilingi 1,000 iliyokuwapo, kwa hiyo kosa lilitendeka hata kama hesabu yake ilikosewa, na sidhani kama jibu hilo ni la kupuuzwa. Kwa maoni yangu hukumu ya kuwatia hatiani inaweza kusimama huku faini, ikiwa ilipimwa kwa ukubwa wa deni, ikipunguzwa. Lakini huo ni uamuzi wa hakimu wa wilaya, na taarifa ya Tume mbele yake itakuwa kielelezo kama vielelezo vingine.